Mama Ndani ya Gogo

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumanne, 14 Novemba 2023

Mwanangu Ritha,

Hujambo? Hunijui, nami sikujui, ila shemeji yako Theophil, fundi seremala wa Ilala, ameapa kwamba hapo kituoni kwenu Mihugwe unaweza kumtibu mnyama yeyote isipokuwa yeye. Basi nakuletea wagonjwa wawili kwenye boksi la biskuti. Usilitikise! Na kama dereva Goodluck amelibananisha na matenga yake ya mananasi, mpe kibao kimoja kwa niaba yangu.

Nieleze upesi maana gari linaondoka. Jana Theophil alikuwa anapasua gogo pale karakana. Msumeno ukaingia kwenye uwazi, na humo ndani kikatoka kilio. Akazima mashine, akachungulia, akakuta ndege! Mdomo mwekundu uliopinda, macho ya ugomvi, na ubavuni mwake kinda asiye na unyoya hata mmoja. Msumeno ulikuwa umemchana mama mguu. Theophil akalipandisha gogo zima begani mpaka kwetu ghorofa ya tatu, kwa sababu mtaa mzima unajua ndege aliyeumia hupelekwa kwa mume wangu Azzan, mwenye duka la vitambaa. Njiwa, mwewe, mpaka kunguru, wote aliwapokea. Azzan hayupo, kwa hiyo tumepokea sisi.

Sasa sikia mabaya. Huyu mama amenyonyolewa! Hana manyoya ya mabawa, hana mkia. Sijui nani ana roho ya namna hiyo. Nimempaka mafuta ya habasoda kila mahali ili yaote haraka. Na gogo lenyewe lilikuwa chafu sijapata kuona: tundu lilikuwa limezibwa kwa matope na mavi, ukabaki ufa tu wa kupenya vidole viwili. Nimelikwangua lote, nimelisugua kwa sabuni ya unga, kisha nikawahamishia kwenye boksi lenye khanga safi, gogo Theophil akalirudisha karakana. Tangu hapo hali kitu. Nimempa papai, nimempa wali, nimempa nyama ya kusaga, ananitazama tu kama mama mkwe.

Ritha, nataka wapone. Nataka mno, hata mwenyewe nashangaa. Ndege wangapi wameingia nyumba hii wakatoka wanaruka, sitaki huyu awe wa kwanza kutufia mikononi.

Simu yangu nimeizima, nina sababu zangu. Niandikie. Goodluck huja sokoni kila Jumanne na Ijumaa.

Badriya


Kituo cha Mihugwe
Ijumaa, 17 Novemba 2023

Bi Badriya,

Shikamoo. Wamefika hai! Wote wawili! Hata mimi simu hapa ni mpaka nipande juu ya tangi la maji, kwa hiyo barua inanifaa.

Nimekaa na boksi lako mapajani nikicheka peke yangu, mpaka tumbili wetu aliyeungua na umeme akaanza kunipigia kelele. Bi Badriya, hakuna aliyemnyonyoa. Huyu ni hondohondo! Mama hondohondo akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti akajiziba mwenyewe kwa matope, akaacha ufa mwembamba. Akiwa humo manyoya yake ya kurukia yanadondoka, na mengine yanaota taratibu. Hatoki. Baba ndiye anayezunguka mwituni kutwa, anakuja na panzi mmoja mmoja, na tunda moja moja, anampenyezea kwenye ule ufa.

Kwa hiyo ule uchafu uliokwangua ulikuwa mlango wake.

Usilie, hukujua. Ila habasoda nimeiosha nusu siku nzima, na kituo kizima kinanukia kama duka la dawa za Kiarabu. Mguu wake nimeushona, utapona. Tatizo ni chakula. Kinda namlisha kwa kibano, lakini akizoea mkono wa mtu hataweza kuishi porini tena, atamaliza maisha yake kwenye tundu la waya. Na mama ananigomea kabisa. Anapungua. Anataka kula gizani, kwa mumewe.

Na mumewe yupo, Bi Badriya! Sasa hivi ninapoandika, yuko mahali fulani na panzi mdomoni anautafuta mti wake. Hawa hawakati tamaa haraka, lakini hawangoji milele. Nikimpata, familia hii inarudi porini. Nisipompata, mama sidhani kama ataimaliza wiki ijayo.

Nahitaji vitu viwili tu. Gogo lile. Na jina la mahali mti ulipokatwa. Kutoka kwako mpaka kwa shemeji ni mwendo mfupi, tafadhali nenda leo leo.

Ritha


Mchafukoge
Ijumaa, 17 Novemba 2023

Mwanangu Ritha,

Marahaba, na mlango! Nimeukwangua mlango wa mwenzangu kwa kisu cha kukatia mboga! Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Anajifungia mwenyewe, halafu mume anamlisha kwa ufa! Na mimi nampa wali mchana kweupe mbele ya watu!

Gogo limepatikana. Nilimtuma wifi yangu Shahd mbio. Kuna kikundi cha ngoma pale Ilala kilishampa Theophil oda, wanataka kulichimba wafanye ngoma kubwa, na mtu alikuwa amekuja kulipima. Shahd akalikalia. Theophil amewaambia watafute jingine. Ule upande aliopasua ameufunga kwa ubao, na tundu liko vilevile.

Mahali ndipo pagumu. Theophil alilinunua kwa mfanyabiashara wa mbao, Shahd akamwendea, naye anasema limetoka Lindi, kisha akamwuliza Shahd kwa nini anauliza. Shahd anasema alikuwa anatazama pembeni.

Nitajaribu tena kwa njia nyingine. Mimi mwenyewe kwenda siwezi.

Mpe pole huyo mama. Mwambie namwomba radhi kwa mlango.

Badriya


Mihugwe
Jumanne, 21 Novemba 2023

Bi Badriya,

Shikamoo. Lindi ni uongo. Goodluck amemwuliza Theophil, na Theophil anasema gogo lilifika kwake bado linatoa utomvu. Lilikatwa karibu, huku huku kwetu, na bila kibali, ndiyo maana mtu anatazama pembeni.

Nitasema jambo, unisamehe. Watu wa mjini tunawajua. Mnatuletea mnyama, mnaandika maneno matamu, lakini kuvuka mitaa miwili mnamtuma mtu. Huyo mwenye mbao akikuona wewe, mke wa mwenye duka, umesimama mbele yake, atasema. Shahd ni msichana tu, atamdanganya tena. Au kama mumeo yuko safarini, mwambie arudi aende yeye, maana naona ndiye mwenye uchungu na ndege.

Jana mama hakugusa kitu. Nimezima taa, nimefunika boksi kwa gunia, nimepenyeza panzi kwa ufa, kamchukua mmoja akampa mtoto. Yeye hakula.

Ritha


Mchafukoge
Jumanne, 21 Novemba 2023

Ritha,

Umenigombeza vizuri. Ningekuwa wewe ningenigombeza zaidi.

Azzan hayuko safarini. Alifariki mwezi wa Septemba, moyo, dukani, mkononi ameshika mita ya kupimia kitambaa. Niko eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, havai la kupendeza, hajipaki manukato, hatoki pasipo dharura kubwa. Theophil alikuwa kwao Songea, hakuwa na habari. Alifika mlangoni na gogo begani akiuliza, "Mzee yupo?" Shahd alipomwambia, alilitua chini akavua kofia. Basi mimi nikasema nyuma ya pazia, "Liache hapo hapo, baba." Simu nimeizima kwa kuwa sauti zake zote zimo humo.

Sikukuambia kwa sababu kila anayejua hunisemesha polepole kama mgonjwa. Wewe uliniandikia kwa fujo, na nikapenda.

Na kuna jingine naona haya kuliandika. Tangu Septemba sikuwahi kuamka nikiwa na hamu ya kuamka. Sasa Jumanne na Ijumaa nimeshaamka kabla ya adhana, nachungulia dirishani gari la Goodluck kama mwari anayengoja posa. Nafurahi, Ritha! Nafurahi ndani ya eda, na kuficha sijui. Shahd anakaa nami, na aliyekufa ni kaka yake. Ananiangalia.

Usiniandikie polepole.

Badriya


Mihugwe
Ijumaa, 24 Novemba 2023

Dada Badriya (nakuomba nikuite hivyo),

Shikamoo. Nimejipiga kofi moja, Goodluck akaniongeza la pili. Pole sana, na sitasema zaidi maana umekataa kusemeshwa polepole.

Basi kwa fujo: mama amekula! Panzi wawili na kipande cha tunda la mwituni! Nilijificha chini ya meza, nikanyoosha kijiti kupitia ufa wa gunia, nikatulia mpaka miguu ikafa ganzi. Akachukua! Nilipiga kelele hewani bila sauti. Mguu umekauka. Kinda amefumbua macho.

Lakini hili ni la kuzugia tu. Bado nataka mahali. Niko tayari kupita kila kijiji kwa baiskeli, ila misitu ni mingi na muda hatuna.

Ritha


Mchafukoge
Ijumaa, 24 Novemba 2023

Ritha! Ritha! Ritha!

Kwa Ngozoma! Ng'ambo ya daraja la magogo, nyuma ya kanisa ambalo halijaezekwa! Goodluck anasema anapajua, si mbali na kwenu. Theophil yuko chini anapakia gogo hivi sasa, na ngazi, na kamba, anakuja huko mwenyewe. Sasa kaa nikuhadithie.

Mimi siwezi kwenda kwa watu, lakini watu wote lazima waje kwangu. Hilo sikuliona mpaka jana! Waliingia akinamama wa Magomeni kunipa pole, na miongoni mwao kuna mmoja, nitamwita Husna, maana jina lake halisi silitaji hata ukinifinya. Mumewe ni dereva wa lori la magogo. Magogo ya Theophil huletwa naye.

Mfiwa huwa haulizi maswali. Anainamisha kichwa, wenzake wanamsomea dua, chai inapita. Mimi nikauliza. Nikaanza kwa adabu, mumeo hajambo? Akasema hajambo, ila safari ya juzi alirudi miguu imevimba, kaumwa na siafu.

Nikasogea kwenye mkeka. "Siafu wa wapi?"

"Wa porini huko, walikwama kwenye tope."

"Tope la mfinyanzi au la kichanga?"

Bibi mmoja akaninong'oneza nimtaje Mungu. Nikamtaja, nikaendelea. Walilala wapi? Kanisani. Kanisa gani? Lisilo na paa, mvua ikawanyeshea. Mto walivuka? Husna akajibu yote, maskini, akidhani nimeingiwa na huzuni ya aina mpya. Aliposema Kwa Ngozoma nilimkumbatia. Akina mama wakaanza kulia wote, na mimi ndani ya kilio hicho nacheka, nimejifunika mtandio usoni.

Walipoondoka, Shahd akabaki mlangoni. Alikuwa ameniona. Akaniuliza taratibu, "Wifi, umeshamsahau?"

Nikaanza kukusanya vikombe. Shahd akaenda kulala, na leo ameenda kazini bila kunywa chai.

Nendeni mkampate huyo baba. Nimeshavunja adabu ya msiba wangu kwa ajili yake, angalau awepo.

Badriya


Kwa Ngozoma
Jumanne, 28 Novemba 2023

Dada Badriya,

Shikamoo. Naandika nimekaa kwenye kisiki chenyewe. Ndicho! Theophil amelinganisha gogo na vipande walivyoviacha, magome yanafanana kama ndugu.

Tumelifunga gogo kwenye mti wa jirani, kimo cha kulifikia kwa ngazi, tukawaingiza mama na kinda. Nimeweka matope mabichi ukingoni mwa tundu ajizibe akitaka. Hajayagusa. Amekaa anatazama nje. Tukarudi nyuma kwenye vichaka, mimi, Theophil na siafu wote wa wilaya.

Na baba amekuja. Amekuja, Dada Badriya! Alfajiri, kwa ule mlio wao wa filimbi. Nilimkamata Theophil mkono nusura nimvunje. Alikuwa na panzi mdomoni. Lakini hakwenda kwenye gogo. Amepita juu yake kama halipo, akaenda moja kwa moja hewani juu ya kisiki, pale ambapo tundu lilikuwa mti ulipokuwa umesimama. Hapana kitu pale, ni hewa tupu. Akapiga mabawa akielea mahali pamoja, akanyoosha mdomo na panzi wake, kama anabisha hodi. Hakuna aliyepokea. Akaondoka na panzi. Baadaye akarudi na mwingine, palepale. Jana hivyo, leo hivyo. Mke wake anamwona kutoka chini na anamwita, na yeye anasikia sauti lakini anaifuata alikozoea.

Theophil ameshindwa kunywa uji. Amekaa amenipa mgongo.

Sijui nifanye nini. Namngoja aone. Nimeshamletea mke wake mpaka karibu hivi.

Ritha


Mchafukoge
Jumanne, 28 Novemba 2023

Mwanangu Ritha,

Barua yako nimeisoma nusu, nikashindwa. Shahd alikuwa ndiyo anaingia kutoka kazini. Akaichukua mkononi mwangu, nikajua leo ndipo tunagombana. Akaisoma kimyakimya mpaka mwisho. Akakaa sakafuni na mkoba wake begani.

Akasema, "Mimi kila jioni bado nachepuka napita dukani kwa kaka. Nafika mpaka kwenye kufuli ndipo nakumbuka. Halafu nakuja nyumbani nakukuta unachungulia dirishani umechangamka, nakuchukia."

Nikamwambia mimi nalala upande wangu wa kitanda, ule wa kwake siusogelei, shuka halijakunjika. Hatukuwahi kuambiana haya tangu Septemba, nyumba moja, meza moja. Tumelia mawifi wawili mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha yeye, si mimi, ndiye aliyesema: "Huyo baba hatashuka. Mwambie Ritha asimngoje chini. Wampandishe mke wake pale anapomtafuta."

Umesikia? Shemeji yako ni seremala au si seremala? Ajenge! Asimike nguzo juu ya hicho kisiki mpaka kwenye hiyo hewa. Kimo msibahatishe, baba mwenyewe anawaonyesha kila akija. Shahd ameshuka na khanga kichwani kumtafuta Goodluck asiondoke, amempa misumari mirefu na kamba za katani. Ananiita nimalize barua. Namaliza!

Badriya


Kwa Ngozoma
Ijumaa, 1 Desemba 2023

Dada Badriya na Shahd,

Shikamoo Dada, na Shahd mambo vipi. Sina kalamu nzuri na mikono yangu ina utomvu wa miti, someni hivyo hivyo.

Tumejenga. Theophil alichukua milingoti minne ya mikaratusi, akaisimika kuzunguka kisiki, akaifunga mbao za kukanyagia kama jukwaa la kupakia rangi ghorofani. Wanakijiji walikuja kutuuliza kama tunajenga mnara wa simu. Tulipowaeleza wakacheka, kisha wakashika kamba. Baba akija tunalala chini wote, Theophil ananyoosha kidole kupima kimo, akiondoka tunaendelea. Jana mchana tukalipandisha gogo, mama na mtoto wakiwa ndani, tundu likaelekea kule kule anakotokea.

Leo alfajiri amekuja. Panzi mkubwa wa kijani. Akaelea. Akanyoosha mdomo kwenye hewa yake, na hewa ikamjibu! Mdomo mwekundu ukatoka, ukampokonya! Alishtuka akarudi nyuma karibu aanguke. Akatua kwenye ubao wa Theophil akatazama, kichwa hivi, kichwa hivi. Halafu akaenda. Nikadhani tumempoteza. Akarudi na tunda. Akarudi na mjusi mdogo. Akarudi tena na tena, sijui mara ngapi, niliacha kuhesabu nikawa nalia na kucheka na kikohozi juu.

Na sasa hivi, jua limewaka, mama ameanza kuyapiga yale matope mabichi kwa ubavu wa mdomo wake. Pa, pa, pa. Anapaka ukingoni, anashindilia. Baba anamletea udongo zaidi. Tundu limeshapungua nusu. Mkono wangu hauwezi kuingia tena humo, na hautakiwi.

Anafunga mlango.

Ritha


Mchafukoge
Ijumaa, 1 Desemba 2023

Mwanangu Ritha,

Barua yako imeletwa sebule ikiwa imejaa. Akinamama wa Ilala, wazee, na mama mkwe wangu katoka Magomeni, wote mkekani na tasbihi. Adabu ingetaka niiweke chini ya mto. Nimeifungua.

Nilipofika kwenye ule mdomo mwekundu uliotoka kupokonya, kicheko kilinitoka kwa sauti, Ritha, kicheko kizima, mpaka kikombe cha mtu kikamwagika. Shahd alikuwa jikoni, akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeanguka. Nikamnyooshea barua. Akaisoma amesimama palepale, mchuzi unadondoka kwenye zulia. Akafika mwisho.

Akapiga kigelegele. Ndani ya nyumba ya eda! Bibi mmoja akaziba masikio. Mama mkwe akaweka tasbihi chini, akatutazama mmoja baada ya mwingine, na nikajua sasa tunagombezwa. Akauliza, "Kuna nini?"

Shahd akasema, "Amefunga mlango, mama!"

"Nani? Mlango wa nani?"

Shahd akakaa mkekani katikati yao, akamshika mama yake mkono, akaanza tangu kwenye msumeno. Anawaonyesha kwa mwiko jinsi baba alivyoelea. Hajui kupanga maneno, anaruka huku na kule, kasahau habasoda ikabidi arudi nyuma, na wale wazee wameshaanza kusogea karibu. Vitu vingi anavikosea. Nimemwacha asimulie yeye.

Badriya